Droo ya Coralie Noske

Mgeni aliingia katika ofisi ya Halmashauri ya Pinnaring siku ya Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, birika likiwa ndiyo kwanza limeanza kuchemka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti la buluu na viatu vilivyoshika tope jekundu, anavuta begi la magurudumu. Meneja Trevor Lyall, ambaye alikuwa akimngoja fundi wa kiyoyozi tangu mwezi wa pili, alimwonyesha dari na kumwambia aanzie pale juu ya dirisha, ndipo panapovuja.

Mwanamke aliitazama dari kwa adabu. Kisha akasema jina lake ni Odette Birrell, kazi yake ni kuwashauri watu waliochoshwa na kazi zao, na alikuwa anakwenda halmashauri nyingine kilomita mia mbili kaskazini, ila penye maghala ya ngano alikata kushoto badala ya kulia.

Trevor alitafakari. Chai ilikuwa tayari, na keki za nazi zilikuwa saba kwa watu sita.

"Basi tushauri sisi," alisema. "Wale wa kaskazini wavumilie. Wao wana kiyoyozi."

Hivyo Odette akapewa kiti katika chumba cha chai, kati ya friji na kabati la chuma, na wafanyakazi wakaanza kumwendea mmoja mmoja kama watu wanaokwenda kuchanjwa. Karani wa barabara alimwambia kwamba yeye hana tatizo lolote, akakaa saa nzima. Trevor alizungumzia kiyoyozi. Wa mwisho, saa tisa alasiri, alikuwa Coralie Noske.

Coralie alikuwa na miaka arobaini na saba, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiandikisha mbwa wa wilaya hiyo. Hakuwachukia mbwa. Alijua majina yao, rangi zao, na nani kamuuma nani. Lakini kila asubuhi aliegesha gari nyuma ya ofisi na kubaki ndani dakika kumi na moja, injini ikinguruma, mikono kwenye usukani, kama dereva anayesubiri taa ya kijani. Pinnaring hakuna taa za barabarani. Alimweleza Odette jambo hili bila kulalamika, kama mtu anayetaja saizi ya viatu vyake.

Odette hakumuuliza anajisikiaje. Alimuuliza mara ya mwisho aliposahau kutazama saa akiwa kazini ilikuwa lini.

Coralie alikuwa bado anatafuta jibu wakati kabati la chuma lilipoanza kuimba. Ilikuwa sauti ya ndege mweusi na mweupe, yule anayeamsha mashamba yetu alfajiri, na ilitoka katika droo ya nne.

"Samahani," alisema Coralie. "Ni yangu." Akaipiga droo kwa kisigino, ikanyamaza.

Mgeni alitaka kujua imehifadhi nini, na Coralie akamweleza. Katika ofisi ile, siku ya likizo ambayo mtu hakuichukua haikupotea. Ilikunjwa mara nne kama kitambaa cha meza na kuwekwa kabatini pamoja na hali yake ya hewa, harufu zake, na mtu yeyote ambaye angekuwamo. Siku za mvua zilitiwa mifukoni zisilowanishe nyingine. Aliyeikunjua siku, iwe yake au ya kupewa, aliivaa mpaka jua lake litue, na ofisi ilimhesabu kuwa yupo kazini. Droo ya Trevor ilikuwa na mchanga kidogo wa ufukweni, basi. Ya Coralie ilikuwa haifungi vizuri tangu mwaka ule wa mvua ya mawe.

Hakuzichukua kwa sababu mwanzoni alikuwa anaziwekea safari. Baadaye aliendelea kuziweka kwa sababu alikuwa amezoea kuweka. Tena, karani wa mbwa akiondoka, mbwa wake humwangukia wa barabara, na hapa kwetu kumtwika mwenzako mzigo wako ni aibu kuliko kuugua.

Walizitandaza mezani. Zilikuwa thelathini na moja. Odette alizigusa moja moja kwa ncha za vidole, nyingine za moto, nyingine zina umande. Ya chini kabisa ilinukia oili na sufu iliyolowa, na ndani yake mwanamume alikohoa.

"Huyo ni baba," alisema Coralie.

Arno Noske alikuwa fundi wa pampu za upepo, zile zenye gurudumu la mapanga juu ya mnara, zinazovuta maji ya visima kwa ajili ya kondoo. Alhamisi moja ya Septemba, miaka ishirini iliyopita, alimwomba binti yake achukue siku moja waende kuteremsha gurudumu la pampu ya akina Zerk. Coralie aliomba ruhusa, akapewa, kisha Jumatano jioni akairudisha kwa sababu uandikishaji wa mbwa ulikuwa unafungwa wiki ile. Arno alikwenda na jirani. Aprili iliyofuata moyo wake ulisimama akiwa kitini, soksi moja mguuni na moja mkononi. Ile Alhamisi ilibaki naye ndani.

Coralie aliiweka siku ile pembeni, akasema sasa analo jibu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, juu ya mnara, baba yake akimpa spana. Walipanda baada ya kifungua kinywa, na walipotazama chini kondoo walikuwa wamekwisha kulala.

Odette aliandika kitu kwenye daftari lake, kisha akakikata.

"Usiache kazi," alisema. "Watu wakikwama hudhani dawa ni kuruka, wanavunjika miguu. Wewe azima kazi nyingine kwanza. Pampu hizo nani anazitengeneza siku hizi?"

Alikuwapo Merv Gallasch peke yake, miaka sabini na minne, goti moja bovu, na lori alilotaka kuliuza chuma chakavu.

"Nenda kamwombe umbebee ndoo. Siku unazo. Na leo, kabla sijaondoka, mwahidi mtu mmoja jambo dogo. Ahadi ambayo mtu hujipa mwenyewe huvunjika bila kelele. Ahadi uliyompa mwenzako hupiga kelele."

Wakati ule ule Mele Vainikolo aliingia kukusanya vikombe. Mele alikuwa mama wa Kitonga, wa visiwa vya mbali baharini, mfanya usafi wa ofisi ile kwa miaka kumi na minne, na kwa miaka yote hiyo aliandikwa kibarua, kila juma kana kwamba ndilo la kwanza. Kibarua hakuwa na droo. Mwaka ambao aliugua homa ya mapafu alikosa siku tatu, na aliporudi alikuta mtu mwingine ameshika ufagio. Ilimchukua miezi miwili kuurudisha mkononi. Tangu hapo hakukosa hata siku moja.

Coralie alihesabu haraka kichwani, akamwambia kwamba atampa siku moja kutoka katika droo yake.

Mele alivipanga vikombe kwenye sinia bila kugeuka. "Dada, ukitoa ahadi toa na tarehe. Ahadi isiyo na tarehe ni salamu tu."

"Taja wewe."

Mele alitaja Ijumaa moja ya katikati ya Oktoba. Siku hiyo binti yake, Heilala, alikuwa anahitimu uuguzi mjini Adelaide, saa nane mchana. Odette akaiandika tarehe ile, akala keki ya saba, akaondoka. Penye maghala ya ngano alikata kulia.

*

Merv alimsikiliza Coralie akiwa amelala chini ya lori, miguu tu ikionekana.

"Wewe ndiye mtoto wa Arno," miguu ilisema. "Yule wa mbwa."

"Ndiye."

"Unaogopa juu?"

"Kidogo."

"Vizuri. Wasioogopa nimewazika wawili."

Masharti yake yalikuwa mafupi. Siku thelathini za kujifunza, isipungue hata moja, kwa kuwa ni siku ya ishirini na tisa ambapo watu hujiona mafundi na kuvunja mkono. Ya thelathini angempeleka kwenye pampu ya akina Zerk, ambayo sasa ilikuwa imesimama kama msumari, na angepanda peke yake. Gurudumu likizunguka kabla ya jua kuzama, lori, vyombo na wateja vingekuwa vyake. Lisipozunguka, mnunuzi wa chuma chakavu alikwisha kuambiwa aje Jumamosi ya juma hilo.

Coralie akapanga hivi. Siku ishirini na tisa za kawaida kwa Merv. Moja ya kawaida kwa Mele. Na ile Alhamisi ya baba angeikunjua mwisho, siku ya thelathini, ili wapande pamoja pampu ile ile waliyoshindwa kuipanda. Hakumwambia mtu. Usiku alilala vizuri.

Kujifunza kulikwenda kama kujifunza kunavyokwenda. Coralie alibeba ndoo, kisha spana, kisha mapanga. Kila asubuhi alikunjua siku moja na kuivaa, kwa hiyo Merv alifanya kazi kwenye jua la Septemba huku Coralie, hatua mbili kutoka kwake, akifanya kazi kwenye manyunyu ya mwaka wa mafuriko. Merv alimwomba asimame upande wa pili asimlowanishie sigara. Siku moja ilikuwa na nzige. Siku nyingine ilikuwa baridi kiasi kwamba ndevu za Merv ziliganda upande mmoja. Juma la tatu Coralie alitambua kwamba hajui saa yake ya mkononi iko wapi, na hakuitafuta.

Kosa lilitokea siku ya kumi na tisa. Coralie alikunjua siku bila kusoma tarehe yake, na ilikuwa Siku ya Mbio za Farasi. Mwaka ule alikuwa amekwenda ofisini peke yake kumalizia fomu za mbwa wakati nchi nzima imepumzika, na siku ile akaiandika kuwa yake. Lakini sikukuu ya umma ni ya umma. Haikumvaa Coralie tu. Ilitambaa shambani, ikavuka barabara, ikaufunika mji. Kufikia saa nne maduka yalikuwa yamefungwa. Wanawake walitoka na kofia za manyoya. Mwokaji mikate alichanganya majina ya farasi katika kofia, kila mtu akachomoa la bahati yake, na baa ikajaa watu waliokodolea macho televisheni iliyokuwa ikionyesha habari za bei ya shayiri. Merv aliteremka mnarani, akanawa mikono.

"Sikukuu sifanyi kazi, mtoto wa Arno. Nikianza, nitaifanyia kazi hata Krismasi."

Jua lilipozama siku ile ilikuwa imekwisha, imetumiwa na watu mia nane, na Merv hakuihesabu.

Kwa hiyo ilipofika Alhamisi ya katikati ya Oktoba, Coralie alikuwa amemaliza siku ishirini na tisa na Merv, na kesho yake ilikuwa ya thelathini, tena ndiyo Ijumaa ya Heilala. Katika droo ilibaki siku moja. Ilikuwa inakohoa.

Alikwenda kwa Trevor akauliza mambo mawili. La kwanza, kama anaweza kuazima siku moja ya mwaka ujao. Trevor alifungua mwongozo, akasema inawezekana, kwa taarifa ya wiki sita. La pili, kama Mele anaweza kupewa droo. Trevor alisoma ukurasa ule mara mbili, maana hakuwa mtu mbaya. Kibarua hana droo, na asiye na droo hana siku. Ukurasa haukusema neno lingine. Alimkaribisha keki.

Mele alikuwa kwenye korido akipiga deki, na alikuwa amesikia.

"Achana nayo, dada," alisema. "Nimeshamwambia Heilala nitatazama kwenye simu. Wana picha nzuri siku hizi."

"Nilikuahidi."

"Uliahidi. Na mimi nakufungulia. Nenda kapande mlingoti wako."

Coralie alirudi kwenye kabati, akakaa sakafuni mbele ya droo ya nne. Aliitoa ile Alhamisi na kuiweka magotini. Ilikuwa na uzito wa koti. Kwa ndani upepo wa kusini-magharibi ulivuma, mvua nyepesi iligonga bati, na mtu alipuliza chai ili ipoe. Coralie alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Alifikiria mnara wenye ngazi sitini na mbili. Alifikiria kwamba bila siku ile angepanda peke yake, na zaidi ya hapo angekuwa mtoro, na halmashauri haikuwahi kumsamehe mtoro. Odette alimwambia asiruke. Odette pia alimwambia kwamba ahadi uliyompa mwenzako hupiga kelele, na sasa alikuwa anaisikia, juu kuliko kikohozi.

Aliinuka, akaiweka ile siku iliyokunjwa juu ya sinia la vikombe, mbele ya Mele.

"Kuna mtu humo," alisema. "Hana neno. Mpe chai nzito, na mkalishe mwisho wa safu, ana miguu mirefu."

Mele aliitazama siku ile, akamtazama Coralie. Alijikausha mikono kwenye aproni, kwanza kiganja kisha mgongo wa mkono, akaipokea kwa mikono miwili kama watu wa kwao wanavyopokea mkeka.

Kisha Coralie aliandika barua ya kuacha kazi, mistari miwili, akampelekea Trevor. Trevor aliisoma, akauliza mbwa atawaandikisha nani.

*

Ijumaa ilikuwa na joto la vumbi, upepo wa kaskazini ukija na kuondoka kama mgeni asiyejua nyumba. Coralie alishuka kwenye lori bila kuvaa siku yoyote.

"Leo tuko hewa moja," alisema Merv. Akakunjua kiti, akakaa kivulini na goti lake.

Coralie alivuta waya wa breki, akaufunga, akaujaribu kwa uzito wa mwili wake, akaufunga tena. Akapanda. Kwenye ngazi ya arobaini alihamishia mfuko wa spana bega la pili, akaendelea. Juu kabisa alifungua kisanduku cha gia na kukuta kiota cha ndege, akakihamishia kwenye mkia wa pampu, lile bati linaloelekeza gurudumu kwenye upepo. Gia mbili zilikuwa zimekula meno yao. Alizitoa, akaweka mpya, akamwaga oili iliyokuwa nyeusi kama kahawa ya msibani na kutia nyingine. Mapanga manne yalikuwa yamepinda. Aliyanyoosha moja moja kwa nyundo ya mbao, na sauti ikaenda mpaka nyumbani kwa akina Zerk, wakatoka na viti vyao. Saa nane mchana, alipokuwa akikaza nati ya kitovu, ilimponyoka, ikaanguka mita kumi na tano, ikatua katika kikombe cha Merv.

Merv aliitoa kwenye chai, akaifuta kwa shati. Goti lake lilikuwa lile lile, hakuwa wa kupanda. Coralie akashuka ngazi sitini na mbili, akaichukua, akapanda ngazi sitini na mbili.

Jua lilikuwa limegusa maghala ya ngano alipofungua breki. Gurudumu halikusogea. Upepo ulikuwa umekwenda mahali pengine. Akina Zerk walitazama chini kwa heshima. Coralie alibaki juu, mkono mmoja kwenye mnara, na hakuomba wala hakusukuma; aliligeuza gurudumu litazame kaskazini, alivyomwona baba yake akifanya, akangoja kama mtu mwenye hakika na mgeni wake.

Upepo ukarudi. Panga moja likapita mbele ya uso wake, kisha la pili, kisha hayakuhesabika. Fimbo ya pampu ikaguna, ikashuka, ikapanda, na baada ya miaka sita ya ukimya bomba likatapika kutu, likatapika tope, likatoa maji. Kondoo walikuja mbio kutoka kila upande. Bibi Zerk alivua viatu akaingia katika birika la kunyweshea kondoo na soksi zake. Juu ya mnara Coralie alicheka mpaka Merv akampigia kelele ashuke kabla hajaanguka na kumharibia siku.

Merv alikinga maji mkononi, akaonja, akatema.

"Yana kutu, kama kawaida," alisema. Akampa ufunguo. "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kwa akina Kuchel. Usichelewe. Lori ni lako, huwezi kusema limekuacha." Kisha akampigia simu mnunuzi wa chuma chakavu, akamshauri akanunue chuma cha mama yake.

*

Jumatatu, saa kumi na moja na robo alfajiri, Coralie aliegesha lori nyuma ya ofisi na kuzima injini mara moja. Mele alikuwa mlangoni na ndoo na funguo, zamu yake ikianza baada ya dakika kumi na tano. Ndani, Trevor alikuwa amebandua jina kwenye droo ya nne. Ilikuwa tupu na ingebaki tupu mpaka aje karani mwingine wa mbwa, na Mele angeipangusa vumbi asubuhi ile kama alivyoipangusa kwa miaka kumi na minne.

Mele alimpa picha. Katikati alisimama Heilala katika joho jeusi, anacheka na macho yamefumba. Kulia Mele, amejifunga mkeka mwembamba kiunoni, kama wafanyavyo kwao siku za heshima. Kushoto mzee mrefu mwenye ovaroli, kofia ameishika kifuani, mikono ina oili mpaka viwikoni. Mvua nyepesi ilikuwa inawanyeshea Mele na mzee tu. Mele alisema mhudumu wa ukumbi aliwaletea mwavuli, na kwamba mzee alipiga makofi hata kwa watoto wasiokuwa wa kwao. Chai alikunywa vikombe vitano.

"Alikuulizia," alisema Mele. "Nikamwambia uko juu ya pampu ya akina Zerk."

"Akasemaje?"

"Akauliza kama umefunga breki kabla ya kupanda."

Coralie aliipangusa picha kwa mkono wa shati, ingawa haikuwa na kitu.

"Nilifunga," alisema. "Mara mbili."

"Ndivyo nilivyomjibu," alisema Mele. Kisha akatazama saa, akaokota ndoo yake, akaingia kazini.